UZI: Unaenda sinema kongwe ya kujitegemea? Jua kinachopita kwenye projekta kabla hujakata tiketi

Mkanda35 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "nafika mji fulani, kuna jumba la sinema la zamani lisilo la kampuni yenye matawi, niende siku gani na nikae wapi" linarudi kila mara humu. Uzi huu ni wa kulijibu kwa kina. Mwenye ujuzi wa projekta, sauti au majengo aongezee.

Kosa kubwa la wageni ni kuchagua siku kwa kuangalia nafasi zao tu. Jengo liko pale wiki nzima. Kinachobadilika ni kinachopita kwenye projekta, na hicho ndicho kinachozitofautisha sinema hizi na televisheni kubwa ya sebuleni. Fungua ratiba, tafuta maandishi madogo pembeni ya jina la filamu.

Ukiona 35mm, huo ni mkanda halisi. Kila fremu ina matundu manne kila upande, fremu 16 kwa kila futi, na zinapita fremu 24 kwa sekunde. Maana yake ni futi 90 kila dakika. Filamu ya saa mbili ina futi 10,800, kama kilomita 3.3 za mkanda, zikiwa zimegawanywa kwenye rili sita au saba.

70mm ni mkanda wenye upana maradufu na matundu matano kwa kila fremu. Eneo la picha ni kama mara tatu ya fremu ya skopu (picha pana sana) ya 35mm. Sinema zenye uwezo wa kuupitisha ni chache duniani, na zile zinazojiendesha zenyewe ni chache zaidi: Music Box Theatre ya Chicago (1929) ni mojawapo, Gartenbaukino ya Vienna (1960, viti 736) ni nyingine. Kama safari yako inaangukia karibu na onyesho la 70mm, sogeza safari. Hilo nasema bila kusita.

DCP ni faili la kidijitali la sinema. La 2K lina pikseli 2048 kwa 1080, la 4K lina 4096 kwa 2160. Hapa kuna mtego: ratiba ikisema "imerejeshwa kwa 4K", hiyo ni habari ya kazi iliyofanyika maabara. Haisemi projekta ya ukumbi ni ya 4K. Nyingi bado ni za 2K, na zinafanya kazi nzuri, ila usilipie kitu ambacho hakipo.

Ukiona neno "dijitali" peke yake bila maelezo, uliza. Inaweza kuwa DCP, inaweza kuwa diski ya kawaida. Na kama hakuna maandishi yoyote, chukulia ni DCP.

Jambo la pili kabla ya kiti: ukumbi upi? Kumbi nyingi kongwe ziligawanywa, hasa miaka ya 1970, ili zipate skrini mbili au tatu. Mara nyingi balkoni ilizibwa ukuta ikawa ukumbi wa pili, na chini ikabaki ukumbi wa kwanza. Unaweza kusafiri kwa ajili ya dari lililochongwa, ukajikuta umewekwa chumba cha viti 60 kilichokuwa stoo. Soma namba ya ukumbi kwenye tiketi kabla ya kulipa.

---

PaziaJekundu

Asante mkuu, hili la namba ya ukumbi wengi hatuliangalii. Sasa kiti. Kila mtu anasema "kaa katikati". Katikati ya wapi, kwa vipimo?

---

SautiYaNyuma

PaziaJekundu, kipimo kinachotumika ni pembe ambayo picha inachukua machoni pako. Shabaha nzuri ni kati ya nyuzi 35 na 45. Chini ya 30 unakuwa mbali mno.

Lakini pembe hiyo inategemea umbo la picha, na filamu za zamani hazina umbo moja. Filamu za sauti tangu 1932 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo), karibu mraba. Skopu ilipokuja 1953 picha ikapanuka sana. Leo kiwango chake ni 2.39. Katikati yake kuna 1.66 iliyopendwa Ulaya na 1.85 ya Marekani.

Chukua ukumbi wenye skrini ya kimo cha mita 5 kisichobadilika. Skopu itakuwa na upana wa karibu mita 12. Filamu ya 1.37 kwenye skrini hiyohiyo itakuwa na upana wa mita 6.85 tu. Ukikaa mita 15 kutoka kwenye skrini, skopu inakupa nyuzi 43, safi kabisa. Filamu ya 1.37 kutoka kiti hichohicho inakupa nyuzi 26, unaiona ikiwa ndogo katikati ya giza. Sogea hadi mita 10 na utapata nyuzi 38. Kwa hiyo filamu ya miaka ya 1930 na 1940 kaa mbele zaidi kuliko ulivyozoea, safu tano au sita mbele.

Kuna kumbi za kinyume chake, ambazo upana ndio haubadiliki na skopu inapatikana kwa kushusha kitambaa cheusi kutoka juu. Huko skopu ndiyo inakuwa ndogo. Picha za ukumbi mtandaoni zitakuonyesha: vitambaa vyeusi vikiwa pembeni, kimo hakibadiliki, vikiwa juu na chini, upana ndio haubadiliki.

Sasa sauti, kwa sababu kwenye majengo haya sauti ndiyo inayoharibika kwanza. Mafundi hupima sauti wakiwa karibu theluthi mbili ya urefu wa ukumbi kutoka kwenye skrini. Hapo ndipo uwiano wa spika za mbele na za pembeni ulipopangwa. Ila usikae chini ya balkoni. Dari lile la chini linakata sauti za juu, na spika za pembeni za huko hupishana na za ukumbi mkubwa. Ukiinua macho kutoka kwenye kiti chako ukaona dari kuu la ukumbi, umekaa sawa. Ukiona sakafu ya balkoni juu yako, sogea mbele.

Pia kumbi zilizojengwa kwa michezo ya jukwaani na muziki zina mwangwi mrefu. Nguo na miili ya watu hunyonya mwangwi huo, ndiyo maana onyesho lililojaa husikika wazi kuliko onyesho la mchana lenye watu kumi. Kama lugha ya filamu si yako ya kwanza, chagua onyesho la jioni lenye watu.

---

Nyota_za_Dari

Na balkoni yenyewe je? Kwenye picha inaonekana ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

---

SautiYaNyuma

Safu ya kwanza hadi ya tatu ya balkoni ni mahali pazuri mno kwa kuona. Mteremko ni mkali, hakuna kichwa mbele yako. Kama filamu ina maandishi ya tafsiri chini ya picha, na sakafu ya chini ni ya mteremko mdogo kama ilivyo kwenye majengo mengi ya kabla ya 1930, nenda balkoni moja kwa moja. Huko chini utatumia saa mbili ukichungulia mabegani mwa watu.

Ukikosa balkoni, tafuta kiti kilicho nyuma ya njia ya kupita, au safu ambayo viti vyake vimepishana na vya mbele yake.

Nyuma kabisa ya balkoni usikae. Chumba cha projekta kiko hapo nyuma yako, utasikia feni na mlio wa mkanda ukipita, na mtu mrefu akisimama kivuli cha kichwa chake kinaweza kuonekana kwenye skrini.

---

KitanziChaChini

Naongezea upande wa projekta, kwa sababu mgeni anayejua anachokiona anafurahia zaidi, na anaweza kusaidia mambo yakienda mrama.

Mkanda haupiti mbele ya taa kwa mtiririko. Kifaa kinachoitwa msalaba wa Malta huuvuta matundu manne, kikausimamisha, kikauvuta tena, mara 24 kwa sekunde. Wakati mkanda unavutwa, shata huziba mwanga. Shata yenye mabawa mawili hukata mwanga mara mbili kwa kila fremu, kwa hiyo skrini inawaka mara 48 kwa sekunde na jicho halioni kuwakawaka. Ule uhai mdogo unaouhisi kwenye picha ya mkanda unatoka hapo kwa sehemu kubwa.

Rili moja ya futi 2,000 haizidi dakika 22. Kwa hiyo kwenye chumba kuna projekta mbili zinazopokezana. Angalia kona ya juu kulia ya picha: kama sekunde nane kabla rili haijaisha, nukta ya mviringo inatokea kwa fremu nne tu. Mwendesha projekta anaiona, anawasha mota ya projekta ya pili. Nukta nyingine inatokea kama sekunde moja kabla ya mwisho, na hapo anabadilisha picha na sauti kwa pamoja. Akiwa stadi hutagundua chochote. Maktaba za filamu nyingi hukataa kuazima mikanda kwa ukumbi usio na projekta mbili, kwa sababu njia nyingine ni kuunganisha rili zote kwenye sahani moja kubwa, na kila muunganisho unaumiza vichwa na mikia ya rili.

Sasa dalili za tatizo na sababu zake.

Watu wakionekana wembamba na warefu, lenzi ya anamofiki haijawekwa. Skopu hubanwa upana mara mbili kwenye mkanda, na lenzi hiyo ndiyo inayoitanua. Maikrofoni ikining'inia juu ya vichwa vya waigizaji kila dakika, mara nyingi lawama si ya waliopiga filamu: ukumbi umeweka bamba (kibati chenye tundu kinachokata kingo za picha) la 1.37 kwa filamu iliyokusudiwa 1.85, na unaonyeshwa sehemu ambayo ingefichwa. Vichwa vikikatwa, ni kinyume chake. Mstari mweusi ukikatiza picha kwa mlalo, miguu ikiwa juu na vichwa chini, fremu imehama; kuna kitasa cha kuirekebisha na kazi hiyo haifiki sekunde tatu. Ukungu unaokuja mwanzoni mwa kila rili kisha ukatulia ni joto la taa likiupinda mkanda na lenzi ikipashika. Ukiendelea zaidi ya dakika moja, mtu hayuko dirishani. Michirizi myeupe ikipanda au kushuka kutoka kwenye maandishi ya majina, shata imepoteza wakati wake na inafunguka mkanda ukiwa bado unatembea. Hiyo hairekebishiki katikati ya onyesho.

Kwa sauti, mngurumo mzito usiokatika unatokana na kisoma sauti kilichohama kikaanza kusoma matundu. Matundu 4 kwa fremu 24 ni 96 kwa sekunde, na ndiyo noti unayoisikia. Sauti ikiwa nyembamba na yenye kelele nyingi kwenye mkanda wa miaka ya 2000, huenda ukumbi una taa ya zamani ya kusomea sauti: mikanda ya kipindi hicho ina njia ya sauti ya rangi ya samawati iliyotengenezwa kwa taa nyekundu za LED. Na sauti ikijikusanya mbele ghafla kisha ikarudi kuzunguka, alama za kidijitali zilizochapwa katikati ya matundu (mfumo uliokuja 1992) zimechakaa, na mashine imeangukia njia ya analogi kwa muda.

Ukiona lolote kati ya haya, usipige kelele ukumbini. Toka, mwambie mhudumu kwa maneno machache: "fremu imehama", "picha haiko kwenye fokasi upande wa kushoto", "hakuna sauti ya kati". Maneno hayo yakifika juu kama yalivyo, mwendesha projekta anajua aguse nini. "Picha mbaya" haimsaidii.

---

PaziaJekundu

Mkuu hiyo ya kona ya juu kulia naenda kuiangalia. Je, kwenye DCP zipo hizo nukta?

---

KitanziChaChini

Ukiziona kwenye DCP, zimebaki kutoka kwenye mkanda ulioskaniwa. Hazina kazi.

---

Rangi_ya_Tatu

Kuna swali nimeliona uzi mwingine: mtu alikuta mkanda wa 35mm wa filamu ya rangi ukiwa wa waridi mwanzo hadi mwisho, akadhani taa ya projekta ni mbovu. Ngoja tulijibu hapa kwa faida ya wote.

Mikanda mingi ya rangi iliyochapwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitumia rangi zisizodumu. Samawati na njano hufifia, zambarau hubaki, picha inakuwa ya waridi au kahawia. Kodak ilitoa mkanda wa kuchapia wenye rangi zinazodumu mwaka 1982. Mikanda iliyochapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambapo rangi zilihamishwa kwenye mkanda mmojammoja kama wino, haififii. Mkanda wa aina hiyo wa miaka ya 1950 bado una nyekundu inayotisha kwa uzuri.

Kwa hiyo "35mm" peke yake haitoshi. Uliza mkanda ulichapwa lini. Mkanda mpya wa filamu ya 1965 na mkanda halisi wa 1965 ni vitu viwili tofauti. Sinema makini huandika yenyewe kwamba mkanda umefifia, na bei au utangulizi hueleza kwa nini wameamua kuuonyesha hivyohivyo. Wakati mwingine ndio pekee uliobaki.

Harufu kali ya siki karibu na chumba cha projekta ni asidi inayotoka kwenye mikanda ya asetati (aina ya plastiki) inayooza. Mkanda wa namna hiyo pia unanywea. Ukinywea kwa asilimia 1 hivi, matundu hayakai tena kwenye meno ya gurudumu, na hapo ndipo unaona picha ikirukaruka.

---

Mkanda35

Rangi_ya_Tatu umegusa penyewe. Naomba nitofautiane na wanaosema mkanda siku zote ni bora. Mkanda uliochoka, uliopitishwa na ukumbi wenye taa hafifu, unashindwa na DCP nzuri. Kiwango cha mwanga wa skrini ya kidijitali ni kandela 48 kwa mita ya mraba, na projekta ya mkanda yenye taa ya zenoni iliyozeeka inaweza kushuka chini sana ya hapo. Utaona nyeupe imegeuka njano na matukio ya usiku hayasomeki. Chagua mkanda pale ambapo sinema inautaja kwa fahari na kwa maelezo: umetoka maktaba gani, una hali gani, umechapwa lini. Maelezo hayo yakikosekana, mkanda si sababu ya kutosha ya kubadilisha safari.

---

MlangoWaChuma

Mimi ni wa majengo. Mkifika, angalieni ukuta wa nyuma, juu. Mtaona vidirisha vidogo vya mraba, viwili kwa kila projekta: kimoja cha lenzi, kimoja cha jicho la mwendesha projekta. Majengo mengi bado yana vibamba vya chuma juu ya vidirisha hivyo, vikining'inia kwenye mnyororo au waya.

Vile vilikuwa vya kuzuia moto. Mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, inawaka kwa kasi ya ajabu na moto wake huzalisha oksijeni yake wenyewe, kwa hiyo hata ukizamisha majini hauzimiki. Mwaka 1897 moto ulioanzia kwenye taa ya projekta huko Paris, Bazar de la Charité, uliua watu zaidi ya 120. Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1909 iliyodai projekta ikae kwenye chumba chake kisichoshika moto. Waya ulioshikilia vibamba ulikuwa na kiungo cha madini yanayoyeyuka kwa joto dogo: moto ukizuka, kiungo kinayeyuka, vibamba vinaanguka, watu hawaoni hata miale. Chumba chenye kuta nene, mlango wa chuma na bomba la hewa linalopanda moja kwa moja hadi juu ya paa ni alama kwamba jengo lilijengwa enzi za nitrati. Kodak ilisimamisha utengenezaji wake 1951.

Kuonyesha nitrati leo kunahitaji vifaa na kibali maalumu. Dryden Theatre ya George Eastman Museum, mjini Rochester, Marekani, ni mojawapo ya kumbi chache zinazofanya hivyo.

Vitu vingine vya kutazama kabla taa hazijazimwa: shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa, nafasi ndefu ya kupandishia mapazia juu ya jukwaa, na nyavu za mapambo pembeni ya skrini ambazo mara nyingi nyuma yake kuna mabomba ya kinanda. Music Box iliyotajwa hapo juu ina dari la buluu iliyokolea lenye nyota zinazomemetameta na mawingu yanayotembea. Hyde Park Picture House ya Leeds, iliyofunguliwa 1914, bado inawaka taa za gesi ukumbini. Eden Théâtre ya La Ciotat, Ufaransa, ilijengwa 1889, kabla sinema yenyewe haijazaliwa, na ilifunguliwa upya 2013 baada ya ukarabati mkubwa.

Fikeni dakika 30 kabla. Picha pigeni taa zikiwa zimewaka na bila mwanga wa simu, kisha simu iingie mfukoni. Kwenye ukumbi ambao mlango wake unafunguka kuelekea skrini, mtu mmoja anayechelewa anamwaga mwanga wa nje kwenye picha ya watu wote, ndiyo maana baadhi hufunga milango filamu ikianza. Na sinema za namna hii mara nyingi hazina matangazo ya dakika 20. Saa iliyoandikwa ndiyo saa filamu inaanza.

---

Nyota_za_Dari

Ahsante sana MlangoWaChuma. Umetaja kinanda. Onyesho la filamu bubu lenye muziki wa moja kwa moja lina tofauti gani kwa mtazamaji, ukiacha muziki wenyewe?

---

SautiYaNyuma

Mambo mawili. Kwanza kasi. Filamu bubu hazikupigwa zote kwa fremu 24. Nyingi ziko kati ya 16 na 24 kwa sekunde, na kasi ilibadilika hata ndani ya filamu moja. Projekta nzuri ya ukumbi wa aina hii ina mota ya kubadilisha kasi na shata ya mabawa matatu, maana kwa fremu 16 mabawa mawili hutoa mwako 32 kwa sekunde na macho yanaumia. Matatu yanatoa 48. Ukiona watu wote wanatembea kama wanakimbizwa, filamu ya fremu 18 inapitishwa kwa 24. Tafuta kasi hiyo kwenye ratiba, wanaojali huiandika.

Pili kiti. Mabomba ya kinanda yapo kwenye vyumba vya kushoto na kulia mwa skrini, na kila upande una sauti zake. Ukikaa pembeni utasikia chumba kimoja kikizima kingine. Katikati, nyuma kidogo ya nusu ya ukumbi. Kwa piano peke yake, sogea mbele upande ambao kifuniko chake kimefungukia.

---

Safari_Fupi

Wakuu naomba kuuliza upande wa kughairiwa. Kuna sinema ilitangaza 35mm, siku yenyewe wakaweka DCP. Ni ulaghai au kuna sababu?

---

KitanziChaChini

Ndugu, mara nyingi kuna sababu. Sinema inahitaji vitu viwili tofauti: haki ya kuonyesha kutoka kwa mwenye filamu, na mkanda wenyewe kutoka kwa maktaba au mkusanyaji. Kimoja kinaweza kupatikana, kingine kikakwama. Mkanda wenye mikebe yake una uzito wa zaidi ya kilo 20 na husafirishwa kama mzigo. Ukifika, mwendesha projekta anaupitisha mkononi mezani, futi kwa futi, akikagua viungo, matundu yaliyochanika na kunywea. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa. Akikuta matundu yamechanika upande mzima wa rili ya tatu, hauweki. Anayekataa mkanda mbovu anastahili heshima, kwa sababu ukikatika kwenye projekta hakuna wa pili.

DCP nayo ina lake. Faili limefungwa kwa ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa seva moja tu, na una saa ya kuanza na ya kuisha. Seva ikibadilishwa, au ufunguo ukiwa umepangwa kwa majira ya saa ya nchi nyingine, filamu haifunguki hata kama ipo yote ndani. Hapo wanampigia simu msambazaji wakisubiri ufunguo mpya. Ndiyo sababu onyesho la kwanza la filamu siku yake ya kwanza ndilo lenye hatari kubwa ya kuchelewa. La pili limeshapita hapo.

Angalia ukurasa wa sinema asubuhi ya siku yenyewe. Badiliko la aina ya mkanda huandikwa hapo kwanza. Na ukikata tiketi kwao wenyewe badala ya kwa dalali wa mtandaoni, kurudishiwa fedha ni rahisi, na sinema haikatwi kamisheni.

---

Hatua_Pole

Kwa wenye viti vya magurudumu au magoti mabovu: majengo haya yana ngazi zisizotarajiwa. Pigeni simu, msitegemee alama iliyo kwenye tovuti. Ulizeni mambo matatu kwa jina: mlango usio na ngazi uko upande gani, choo kinachofikika kiko ghorofa ipi, na nafasi ya kiti cha magurudumu iko wapi ukumbini. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mara nyingi nafasi hiyo imewekwa nyuma, chini ya balkoni, palepale SautiYaNyuma alipotukataza. Ukumbi ulioondoa viti viwili kwenye safu ya kati unafaa kusifiwa waziwazi.

Balkoni nyingi hazina lifti kabisa. Na kwa wanaotumia vifaa vya kusikia, ulizeni kama mfumo wa usaidizi unafanya kazi kwenye maonyesho ya mkanda pia. Kwenye baadhi ya kumbi umeunganishwa na mashine ya sauti ya kidijitali tu.

---

Safari_Fupi

Asanteni sana. La mwisho: je, mgeni anaweza kuomba kuingia chumba cha projekta?

---

KitanziChaChini

Anaweza, na waendesha projekta wengi hufurahi, mradi uombe kwa barua pepe siku kadhaa kabla na ukubali jibu la hapana. Usiombe wakati wa onyesho la projekta mbili zinazopokezana: kila dakika 18 au 20 kuna mtu lazima awe kwenye kidirisha, na kati ya hapo anarudisha rili iliyoisha na kuvika inayofuata. Muda mzuri ni dakika 45 kabla ya onyesho la kwanza, mkanda ukiwa unavikwa, au baada ya la mwisho.

Ukiingia, muombe akuonyeshe kitanzi cha mkanda kilicho chini ya lenzi. Sauti ya fremu fulani imechapwa fremu 21 mbele yake, maana kisoma sauti kiko chini ya lenzi. Fremu moja hudumu milisekunde 42, na kwa muda huo sauti husafiri kama mita 14 hewani. Kwa hiyo kwenye ukumbi mrefu kitanzi hufupishwa kwa fremu moja ili maneno yawafikie waliokaa katikati midomo ikiwa inatembea nayo. Angalia pia mabamba ya fremu, yamewekwa kwenye rafu yakiwa na namba: 1.37, 1.66, 1.85, 2.39. Yakaribie. Pembe zake zimepigwa tupa kwa mkono, kwa sababu projekta inaangalia chini kutoka juu ya balkoni na picha ingetoka pana chini kuliko juu. Bamba la ukumbi mmoja halifai ukumbi mwingine.

Usiangalie taa ikiwa imewaka, usiegemee kitu chochote, na begi liache nje. Ukipewa kipande cha mkanda ukitazame, kishike kingoni kwa vidole viwili, upande wenye picha usiguswe. Ule upande usiong'aa ndio wenye picha.